Apatimenti Nyali, nyumba Mji wa Kale au kotegi Diani: ukodi wapi likizo hii?

Kila ifikapo Novemba, kundi la WhatsApp la familia yetu hapa Nairobi hujaa picha za nyumba za Pwani, huko Mombasa na jirani zake. Dada yangu hutuma apatimenti ya Nyali yenye bwawa la kuogelea, binamu hutuma chumba cha Mji wa Kale chenye mlango wa nakshi, naye shemeji hataki kusikia lolote ila Diani. Picha zote zinavutia na bei za usiku mmoja zinakaribiana. Basi tunavutana wiki nzima, na tiketi za treni za wiki ya Krismasi zinakwisha kabla hatujaafikiana.

Nimepanga safari hizi kwa miaka kadhaa sasa, za watu wawili na za watu kumi na mmoja, na siku hizi sianzi tena kwa kuuliza nyumba ipi ni nzuri. Nauliza siku yetu itakuwaje: tukiamka tutaelekea wapi, jua la mchana litatukuta wapi, na nani atashika mwiko. Nyumba nyingi huondoka zenyewe kwenye orodha mkishajibu maswali hayo matatu.

Mambo ya kupima

La kwanza ni gharama kamili. Bei ya usiku haisemi habari za ada ya usafi, tokeni za umeme, maji ya kunywa, chakula na tuktuk za kila siku. La pili ni bahari: si umbali kwenye ramani, bali umbali kwa miguu ya mtoto, kwa njia inayopitika. La tatu ni maji, umeme na joto. La nne ni chakula na mpishi. La tano ni njia kutoka stesheni ya treni hadi mlangoni. Kila mahali hapa chini nimepapima kwa hayo matano.

Kuhusu gharama, chukua hesabu hii. Tarakimu ni zangu za mfano tu, wewe weka za nyumba yako. Apatimenti ya vyumba vitatu kwa shilingi 9,000 usiku, siku nne, ni 36,000. Ongeza usafi 2,000, tokeni 2,500 na maji ya kunywa na kupikia 1,500, unafika 42,000. Mkiwa sita, kila mtu ni 7,000 kwa siku zote nne kabla ya chakula. Mkiwa wawili, ni 21,000 kila mmoja, na hapo chumba cha 4,000 chenye kiamsha kinywa, ambacho ni 16,000 kwa wote wawili, kinakuwa nafuu kuliko apatimenti iliyoonekana rahisi. Idadi ya watu ndiyo inayogeuza hesabu, kwa hiyo ijulikane kabla ya kutazama picha.

Kwanza, ratiba ya bahari

Sisi wa bara huwa tunadhani bahari ipo tu, inatungoja. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, Mombasa maji hupwa sana mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi, na hurudi kujaa mwendo wa saa kumi jioni. Wiki ya maji mafu, ile iliyo kati ya bamvua mbili, mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne au tano maji yako karibu, ingawa hayapandi wala kushuka kwa kiasi kikubwa.

Maana yake ni nini kwa mwenye kupanga nyumba? Ukifika siku za bamvua na watoto wameshavaa nguo za kuogelea baada ya chai, watakuta mchanga mtupu, mwani na vidimbwi, na mawimbi yako kule mbali kwenye mwamba. Ni asubuhi nzuri ya kutembea na kutazama kaa na samaki wadogo kwenye vidimbwi, miguuni raba au viatu vya maji. Kuogelea ni jioni. Wiki kama hiyo bwawa la kuogelea ni jambo la maana, na wiki ya maji mafu unaweza kulikosa bila kujuta. Kalenda ya Kiislamu inatosha kukuongoza: siku za mwanzo wa mwezi na za katikati yake ndizo za bamvua.

Misimu nayo ina neno. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi huleta bahari tulivu na joto kali la usiku. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huchafua bahari kuanzia Aprili, mvua za masika zikimwagika hasa Aprili na Mei, kisha Julai na Agosti hewa huwa ya kupendeza zaidi. Mwenye kuogopa joto asidharau Agosti.

Apatimenti: Nyali, Bamburi hadi Shanzu

Gharama: kwa kundi la watu wanne hadi wanane, hapa mara nyingi ndipo pesa huenda mbali zaidi, kwa sababu unalipia nyumba nzima na jiko ni lenu. Lakini uliza umeme unalipwa na nani. Wenyeji wengi huacha tokeni kidogo tu kwenye mita, na kiyoyozi kikilala kinawaka vyumba vitatu, zinakwisha usiku wa pili. Uliza pia idadi ya wageni inayoruhusiwa. Kuna majengo ambayo mlinzi huhesabu vichwa langoni.

Bahari: tangazo likisema "dakika tano kutoka baharini", uliza ni dakika tano za miguu au za gari. Sehemu kubwa ya ukanda huu imezibwa na kuta za hoteli na nyumba za watu, na njia za wazi za kushukia ufuoni ni chache. Nyumba inaweza kuwa mita 300 kutoka majini nanyi mkatembea kilomita nzima kuzunguka. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, ambao wengi huuita Pirates, una maboya ya kukodisha, farasi na ngamia wa kupanda, viazi karai na watu wengi. Siku ya Krismasi na ya mwaka mpya hujaa pomoni. Wengine huja Pwani kwa ajili ya shamrashamra hizo hasa, wengine huzikimbia.

Maji: hapa nitakaa kidogo, maana ndilo jambo nililolipuuza mimi. Mwaka mmoja tulikodi apatimenti Bamburi, ghorofa ya tatu, safi kama ilivyokuwa kwenye picha. Jioni ya kwanza tukachemsha chai, tukatia sukari ya kutosha, nayo ikabaki na chumvi. Sabuni ilikataa kutoa povu, nywele za binti yangu zikakakamaa. Keateka, mtunza jengo, alikuja tulipomwita, kijana mpole. "Mama, haya ni ya kisima," akasema. "Ya kupikia huwa tunanunua kwa mkokoteni." Kumbe Mombasa maji ya mfereji hayatoshi, mengi yanatoka mbali, mengine tangu chemchemi za Mzima kule Tsavo, kwa hiyo majengo mengi yamechimba visima na baadhi ya visima vina chumvi. Hakuna aliyetudanganya. Sisi ndio hatukuuliza. Tulinunua mitungi ya lita 20 kila asubuhi, na mzee wetu mwenye shinikizo la damu tukamwekea maji yake kando kabisa. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mwenye nyumba ni: maji ya bomba ni ya mfereji au ya kisima, na ni matamu?

Chakula: supamaketi ziko karibu, na soko la Kongowea liko hapo hapo upande wa Nyali. Nenda asubuhi kwa maembe, madafu, nazi na mboga. Hatari ni moja, kwamba mama wa nyumba anahamisha jiko lake kutoka Umoja hadi Nyali na kuliita likizo. Mkikodi apatimenti, kubalianeni zamu za kupika mkiwa bado Nairobi, au ulizeni kama keateka anajua mpishi wa kulipwa kwa siku. Mara nyingi anamjua.

Njia: kutoka stesheni ya Miritini mnapita kisiwani na kuvuka daraja la Nyali. Saa za jioni foleni huwa nzito. Mkishafika, matatu na tuktuk hazikosekani hadi usiku.

Inawafaa familia zenye watoto wa shule, makundi ya marafiki, na wanaotaka pa kwenda kila siku. Haller Park iko Bamburi, na sikosi kuipendekeza: ni machimbo ya saruji yaliyoanza kupandwa miti mwaka 1971 hadi yakawa msitu wenye twiga, viboko na kobe wakubwa. Twiga anayelamba chakula kutoka kiganjani huwa ndiyo hadithi watoto wanayorudi nayo darasani. Anayetaka utulivu na ufuo usio na wachuuzi hapa atachoka.

Nyumba au chumba: Mji wa Kale

Gharama: nyumba nzima si nyingi sokoni, vyumba ndivyo vingi, na kwa mtu mmoja au wawili bei huwa ya kuvumilika, mara nyingi pamoja na kiamsha kinywa. Tuktuk hutumii sana kwa sababu karibu kila kitu ni cha miguu.

Bahari: utaiona, utaisikia, utapata upepo wake juu ya paa, lakini ufuo wa mchanga wa kuogelea huna. Kila mkitaka kuogelea ni safari ya Nyali au Bamburi na kurudi na chumvi mwilini. Kwa watoto wadogo hilo hulemea kufikia siku ya pili.

Maji na joto: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hupoza nyumba mchana, na vyumba vingi hutegemea feni. Chumba cha ndani kisicho na dirisha la upepo, Februari, hakilaliki. Omba cha juu, chenye madirisha pande mbili. Kisha uliza ngazi zikoje. Nyumba za zamani zina ngazi za mbao nyembamba na zenye mwinuko mkali, na mtu wa magoti mabovu atazichukia.

Chakula: hapa Mji wa Kale una hazina yake, na kupika ni kujinyima. Asubuhi mahamri yenye iliki na mbaazi za nazi, jioni bhajia, viazi karai, mishkaki na mkate wa mofa unaotoka motoni, ukingo wake umeungua kidogo na katikati bado laini, unaula umesimama kwa sababu ukifika chumbani utakuwa umepoa. Soko la Marikiti liko jirani kwa viungo. Mwezi wa Ramadhani mchana migahawa mingi hufungwa, kisha baada ya magharibi mitaa huamka na futari imepangwa barazani. Ukiwa na watoto wanaokula kila saa mbili, panga mapema. Ukiwa mtu mzima mwenye subira, ni mwezi mzuri sana wa kukaa hapo.

Njia: gari hufika hadi barabara kubwa, baadhi ya vichochoro ni vya miguu na mikokoteni. Begi la magurudumu linateseka, la mgongoni linafaa.

Inawafaa wanandoa, msafiri wa peke yake, wapenzi wa historia na wapiga picha. Fort Jesus, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, mnaifikia kwa matembezi mafupi, na msikiti wa Mandhry huhesabiwa kuwa wa tangu 1570. Lakini huu ni mtaa wa watu wanaoishi, wenye sala, misiba na harusi. Adhana ya alfajiri itakuamsha. Nguo za ufuoni zibaki ufuoni, na nyumba nyingi haziruhusu pombe. Asiyetaka masharti hayo asiende huko kuyalalamikia.

Kotegi: Diani

Diani iko kaunti ya Kwale, kusini, nje ya jiji la Mombasa. Naileta kwenye ulinganisho huu kwa sababu watu wa Nairobi huiweka kwenye mizani ileile.

Gharama: bei za kotegi zimetofautiana kuliko kwingine kote, kutoka vyumba vya nyuma ya barabara upande wa Ukunda hadi nyumba kubwa za mbele ya bahari. Kundi la watu wanane likigawana kotegi yenye bustani, hesabu huwa nzuri. Watu wawili wakiichukua peke yao, hulipia nafasi wasiyoitumia. Uliza kama bei inajumuisha mpishi na msafishaji, maana kotegi nyingi zina wafanyakazi wake. Ninyi mnanunua vyakula, mpishi anapika, na mwishoni mnampa bakshishi yake. Wavuvi nao huleta samaki na kamba hadi mlangoni, bei mkielewana.

Kwangu jambo la mpishi lina uzito. Shangazi yangu, aliyepikia watu maisha yake yote, alikaa kibarazani Diani siku tano akiletewa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Siku ya tatu ndipo aliacha kuinuka kwenda kuchungulia sufuria.

Bahari: mchanga mweupe, mpana, na mwamba wa nje hupunguza nguvu ya mawimbi. Maji yakipwa, hapa pia huenda mbali. Kotegi iliyo upande wa bara wa barabara kuu huwa nafuu, na njia ya kufikia ufuo ndiyo ya kuuliza.

Maji na umeme: yaleyale ya kaskazini, na visima viko. Pamoja na hayo kuna wanyama. Tumbili wa Diani wanajua saa za chakula. Walituingilia jikoni kupitia dirisha la vioo lililoachwa wazi upana wa kiganja, na tulipofika tukakuta ganda la ndizi juu ya jiko na mwizi mwenyewe amekaa kwenye paa la makuti, mkate mkononi, akitutazama bila wasiwasi. Chagua nyumba yenye wavu madirishani. Mbega, wale weusi wenye mabega meupe, hawana fujo hiyo. Hukaa juu mitini, na watoto hufurahi kuwaona wakivuka barabara kwa madaraja ya kamba waliyofungiwa juu ya magari.

Njia: ndiyo iliyozuia wengi zamani, kwa sababu ya foleni ya feri ya Likoni. Sasa barabara ya Dongo Kundu inawatoa upande wa Miritini hadi kusini bila kugusa feri. Wenye haraka huruka kwa ndege kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Ukunda. Ila mkishafika, kutoka kwenda mjini Mombasa ni safari ya kupanga, si ya kuamua mkiwa mezani.

Inawafaa waliochoka kwelikweli, familia pana zenye wazee na watoto, na wanaotaka siku nne za kutofanya lolote. Kijana anayetaka mji, muziki na watu wengi atahesabu siku.

Je, hoteli?

Hoteli hutoza kwa kila mtu, mara nyingi chumba kwa wawili pamoja na milo. Kwa familia ya watu sita bili hupanda haraka. Kwa wawili wanaotaka usiku mbili bila kugusa sufuria wala kununua maji kwa mkokoteni, huenda hoteli ikawa sawa na nyumba ukishajumlisha yote, hasa nje ya Desemba na Pasaka. Uliza bei ya wakazi.

Pesa kabla ya funguo

Hili halichagui mtaa. Wezi huiba picha za nyumba ya kweli, wakaziweka mtandaoni kwa bei tamu na kudai depositi haraka "kwa sababu kuna mwingine anaitaka". Ukilipa ndani ya Airbnb au Booking.com una pa kulalamikia, ingawa kuna ada. Ukilipa kwa M-Pesa moja kwa moja, jina la mpokeaji linapotokea, likiwa si la uliyekuwa ukizungumza naye, simama uulize. Mimi huomba simu ya video: aanzie langoni, apande hadi mlangoni, afungue bomba la jikoni, afungue na dirisha lenye ile bahari. Aliye na nyumba huifanya bila tatizo, pengine jioni akiwa amefika. Lipa sehemu, nyingine ukishapewa funguo, na masharti ya kurudishiwa pesa yaandikwe hata kama ni kwa ujumbe mfupi.

Tiketi ya treni ifungwe siku hiyohiyo. Tangu Januari 2024 nauli ya SGR kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, na unaweza kukata kwa *639#. Treni ya asubuhi hukufikisha mwendo wa saa nane mchana, wakati nyumba nyingi zinapoanza kupokea wageni. Ya saa nne usiku hufika kabla ya alfajiri, kwa hiyo yule anayeipanda na watoto aafikiane mapema na mwenyeji.

Kwa hali yako

Mna watoto wa shule na bajeti ya kuhesabu, mko watano au zaidi: tafuteni apatimenti Nyali au Bamburi yenye maji matamu, na bwawa kama tarehe zenu ni za bamvua.

Mko wawili, mna siku tatu, na kula ni sehemu ya safari: Mji wa Kale, chumba cha juu, siku moja mkiitoa kwa ufuo wa Nyali.

Mnaenda na mama au shangazi ambaye hajawahi kupikiwa: kotegi ya Diani yenye mpishi, hata kama itabidi mpunguze usiku mmoja.

Mzee ana magoti mabovu: popote, ila ghorofa ya chini au penye lifti, na lifti iwe na jenereta.

Mnakwenda Desemba na hamjakodi hadi sasa: tazameni kwanza tiketi zilizobaki, kisha mtafute nyumba ya tarehe hizo. Familia yetu iliwahi kufanya kinyume. Mwenye nyumba alitungoja Shanzu na funguo mkononi, nasi bado tulikuwa Syokimau, penye stesheni ya treni ya Nairobi, tukitafuta basi.